Kwanza, Zima Amplifaya

Ukiingia dukani ukaulizia gitaa la nyuzi saba, muuzaji hatangoja umalize salamu. Atachomeka waya, atawasha amplifaya, atapandisha distosheni mpaka kitufe kigote, kisha ataupiga uzi ule mnene mara tatu. Vioo vya kabati vitatetemeka. Wapita njia watachungulia mlangoni. "Unausikia mzigo huo, kaka?" atakuuliza, na wewe kifua kimeshajaa, mkono umeanza kutafuta mfuko.

Zima amplifaya. Mwambie kwa upole, "Naomba nilisikie kavu kwanza," kisha nyoosha mkono uzime mwenyewe. Atanuna kidogo, atazoea.

Distosheni huisawazisha sauti. Noti iliyolia kwa nguvu na noti iliyolia kinyonge hutoka zote na ukubwa uleule. Freti iliyoinuka, noti inayokufa kabla ya wenzake, uzi unaogonga chuma, vyote huzikwa humo. Ukilisikiliza gitaa likiwa limewashwa, unayoisikia ni amplifaya, na amplifaya hiyo inabaki dukani. Gitaa kavu halina pa kujificha. Kaa kwenye kiti, liweke pajani, inama mpaka taya liguse pembe ya juu ya mbao, kisha piga uzi wa saba ukiwa mtupu. Sauti itapanda kwenye mfupa wa taya hadi sikioni. Sikiliza inavyokufa. Uzi mzima hufifia polepole kama mtu anayeondoka barabarani huku bado unamwona. Uzi wenye tatizo hukatika kama mtu aliyekata kona. Rudia kwenye freti ya tatu, ya tano, ya saba, ya kumi na mbili.

Gitaa langu la kwanza la nyuzi saba nililinunua likiwa limewashwa. Nilipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, nikalipiga sebuleni gizani, na kabla umeme haujarudi nilikuwa nimeshajua: freti ya tano kwenye uzi wa saba ilikuwa inakufa mapema, na freti tatu za juu yake zilikuwa zinakwaruza. Kesho yake duka likakataa kulipokea, kwa hoja kwamba nilisikia mwenyewe likilia vizuri. Nililisikia kweli. Tangu siku hiyo simruhusu mwanafunzi wangu yeyote kutoa pesa kabla hajakaa na gitaa kavu kwa robo saa, na nasimama naye pale mpaka robo saa itimie.

Sasa, kabla ya kugusa gitaa jingine, jiulize uzi wa saba unautakia kazi gani. Vipimo vyote vitakavyofuata vinategemea jibu lako, maana uzi huu umeajiriwa katika kazi ambazo hazifanani. Urusi ya karne ya 19, zama za mpiga gitaa Andrei Sychra, gitaa la nyuzi saba ndilo lililokuwa gitaa lenyewe, nyuzi zake zikikazwa hivi kwamba ukizipiga zote wazi unapata kodi ya G. Brazil, wapigaji wa muziki wa choro waliongeza uzi mnene ili mtu mmoja atembeze besi chini ya wenzake. Bingwa wao, Horondino José da Silva, alishikamana na kazi hiyo hata jina lake likawa Dino 7 Cordas, yaani Dino wa Nyuzi Saba. Marekani, George Van Eps alitengenezewa na Epiphone, mwishoni mwa miaka ya 1930, gitaa la jazi lenye uzi wa A chini kabisa, apige besi, kodi na wimbo kwa pamoja bila kumtegemea mtu. Wote hao waliitafuta sauti ya chini iliyo safi, ya kutembea.

Mngurumo ulikuja baadaye. Mwaka 1990 Ibanez ilitoa gitaa la Universe, lililobuniwa pamoja na mpiga gitaa Steve Vai, na hapo ndipo gitaa la umeme la nyuzi saba lilipoanza kutoka kiwandani kwa wingi. Vai aliutumia uzi wa saba, uliokazwa kwa noti ya B, kama nafasi zaidi ya kukimbilia. Mwaka 1994 vijana wa Bakersfield, California, wanaojiita Korn, wakatoa albamu yao ya kwanza wakiwa wameushusha uzi huo hadi A na kuupiga kama ngoma. Kabla yao, mwanamuziki wa jazi Lenny Breau alikuwa ameuweka uzi wake wa saba upande wa pili kabisa, juu ya ule mwembamba, akaukaza hadi A.

Kwa hiyo jibu kwa ukweli. Ukitaka kukimbia kama Vai, unahitaji shingo nyembamba na tambarare. Ukitaka kuupiga kama ngoma, unahitaji uzi mrefu uliokaza. Ukitaka kodi pana na besi ya kidole gumba, unahitaji nafasi baina ya uzi na uzi, kwa sababu vidole vinne lazima vitue pasipo kugusana. Hakuna gitaa linalotimiza haya matatu kwa kiwango kimoja, na muuzaji anayesema lipo anataka kufunga duka aende kula.

Kwetu kuna swali la nyongeza, nami nalipa uzito kuliko hata hayo: bendi yako ina mpiga besi? Uzi wa B wa gitaa hili hutetema mara 61.7 kwa sekunde. Hiyo ni noti ileile anayoipata mpiga besi akikanyaga freti ya pili kwenye uzi wake wa A. Umeingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Katika muziki wa dansi, ambako solo, rithimu na besi zimegawana nafasi kwa adabu ya miaka mingi, kila gitaa linajua linakaa ghorofa ya ngapi. Wapigaji wa Kongo walipotaka sauti ya ziada waliitafuta juu: kwenye gitaa la mi-solo uzi wa nne hutolewa, pakafungwa uzi mwembamba unaolia oktava moja juu zaidi. Masikio yetu yamelelewa na uamuzi huo. Sisemi uzi wa saba hauna pa kukaa katika muziki wetu. Naamini unapo, na nimeusikia ukifanya mambo mazuri chini ya sauti ya mwimbaji pale besi inaponyamaza. Nasema mwende pamoja dukani, wewe na mpiga besi wako. Akikubali gitaa hilo, mazoezi yatakuwa na amani.

Tuje kwenye urefu wa uzi, yaani ule unaotetema, kuanzia kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa hadi kwenye daraja. Magitaa mengi ya nyuzi saba huja na urefu wa milimita 648, uleule wa magitaa mengi ya nyuzi sita. Mengine yana 673, mengine 686. Tofauti hii ya vidole viwili ndiyo inayowafanya watu waseme "uzi wa saba umelegea kama kamba ya kuanikia nguo" bila kujua sababu.

Sababu ni hesabu ya darasani. Mkazo wa uzi hupanda kwa mraba wa urefu wake. Uzi uleule, noti ileile, ukiupeleka kutoka milimita 648 hadi 673, mkazo huongezeka takriban asilimia 8. Hadi 686, asilimia 12. Mkononi asilimia 12 si kidogo. Ni tofauti ya uzi unaokusubiri na uzi unaokujibu.

Unaweza kuuliza: si ningefunga uzi mnene zaidi basi? Unaweza, na hesabu yake ni hii. Kutoka E kushuka hadi B, mtetemo unapungua hadi robo tatu. Uzi wa E wa seti ya namba kumi una unene wa inchi 0.046. Ili B ikaze sawasawa na jirani yake huyo, unene lazima uongezwe kwa theluthi, ufike karibu 0.061. Ndiyo maana seti za nyuzi saba huja na uzi wa mwisho wa 0.056, 0.059 au 0.062. Lakini uzi ukinenepa unakuwa mgumu kama fimbo, na fimbo haitetemi vizuri kama kamba: sauti zake za juu hupanda kidogo kuliko inavyotakiwa, noti inakuwa butu, kodi inachafuka. Urefu wa shingo hukupa mkazo bila kukudai unene. Unenepeshaji hukupa mkazo ukachukua uwazi. Ukikusudia kushuka hadi A, mimi nakuambia usinunue 648. Ukikusudia kubaki B na kupiga jazi au solo, 648 inatosha, na vidole vyako vitashukuru kwenye kodi pana.

Jaribu hivi pale dukani. Fungua tyuna kwenye simu, upige uzi wa saba kwa ulaini, uangalie mshale ukitulia kwenye B. Kisha upige kwa nguvu yako yote ya jukwaani, ile ya wimbo wa mwisho. Kama mshale unaruka kulia na kuchukua muda kurudi, uzi huo umelegea kuliko mkono wako, na kila pigo lako kali litakuwa nje ya tyuni kabla halijawa ndani. Mpiga laini atalipenda gitaa hilohilo. Kwa hiyo usimtume mtu akujaribie. Mkono wa kupimia ni wako.

Yapo pia magitaa yenye freti zilizotandazwa kama upepeo, uzi mnene ukiwa mrefu na uzi mwembamba ukiwa mfupi, kwa mfano 686 upande mmoja na 648 upande wa pili. Yanatisha kuyatazama. Yashike hata hivyo. Mkono huzoea kwa dakika chache katikati ya shingo, na shida hubaki kwenye kodi za freti za kwanza ambazo zinakutaka upinde kifundo. Kama kodi hizo ndizo mkate wako, acha.

Shingo sasa. Gitaa la nyuzi sita huwa na upana wa milimita 42 au 43 pale kwenye mifereji. La nyuzi saba hufika kama 48. Milimita tano ni upana wa penseli isiyotimia, na bado wapo waliokata tamaa kwa sababu yake. Watengenezaji wengi hulipia upana huo kwa kupunguza unene, ili kiganja kisizidiwe. Wengine husahau, na unapewa kitu kinachofanana na mwiko wa ugali. Mtihani wake ni huu: shika kodi ya kidole kilichotandazwa kwenye freti ya pili, nyuzi zote saba, uhesabu pumzi ishirini. Halafu achia, uangalie kidole gumba. Kikiwa kimepanda juu na kung'ang'ania ukingo, shingo ni nene au pana kwa mkono wako. Kikiwa kimebaki katikati ya mgongo wa shingo, kimelegea, mmeelewana.

Kisha nyanyua kidole kidogo uguse nacho uzi wa saba kwenye freti ya tano huku kidole cha kwanza kikiwa kwenye uzi huohuo, freti ya pili. Kifundo chako kimepinda kiasi gani? Simama, vaa mkanda, rudia. Nenda na mkanda wako wa nyumbani, tafadhali, kwa sababu gitaa la kukaa na gitaa la kusimama ni magitaa mawili tofauti, nawe utalipiga umesimama. Ukiwa umesimama, achia mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikishuka kuelekea sakafuni, ujue mkono wako wa kushoto utafanya kazi mbili usiku kucha, kubeba na kupiga. Vikazio saba vya chuma ni uzito, na mwili mdogo wa mbao nyepesi hauwezi kuubeba.

Lipo jambo ambalo sijaona muuzaji akilitaja, nalo ndilo linalowatoa machozi wanaoanza. Kwenye nyuzi saba, unapopiga uzi mmoja, sita zinangoja kulia bila kualikwa. Kuzinyamazisha ni nusu ya upigaji. Kwa hiyo jaribu jinsi gitaa linavyokusaidia kunyamaza: weka ukingo wa kiganja cha kulia darajani, uone kama daraja lina skrubu zinazochoma ngozi. Angalia kama kiganja kinafika uzi wa saba na bado vidole vinafika uzi wa kwanza bila kunyanyuka. Piga solo fupi kwenye nyuzi mbili nyembamba, kisha zima ghafla. Ukisikia mngurumo wa chini umebaki hewani, rudia ukiwa umelaza ncha ya kidole gumba cha kulia juu ya uzi wa saba. Kama kidole kinafika bila kunyoosha mkono, umbali wa nyuzi unakufaa.

Hapa ndipo ninapotaka uvute kiti karibu. Fundi mmoja mzee aliyenifundisha kukagua magitaa aliniambia neno ambalo limeniokolea pesa nyingi. Nilimpelekea gitaa nikilalamika kwamba nyuzi ziko juu mno.

"Shikamoo, mzee. Hili halipigiki."

"Marahaba, mwanangu. Haliwezi kupigika kwa mwili au kwa nguo?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Kimo cha nyuzi, mwinamo mdogo wa shingo, mifereji, noti kutokubaliana kati ya chini na juu, hizo ni nguo; zinashonwa upya kwa nusu saa. Urefu wa uzi, upana wa shingo, shingo iliyojisokota kama kamba, mahali daraja lilipofungwa, huo ni mwili. Huko usimpe fundi matumaini. Wateja wengi, alisema, huacha gitaa lenye mwili mzuri kwa sababu limevaa vibaya, wakachukua lililovaa vizuri lenye mwili wa kuumwa. Nyuzi saba huzidisha kosa hilo, kwa sababu magitaa haya hukaa dukani muda mrefu bila mtu wa kuyatunza, na yote huonekana yamevaa matambara.

Basi nenda dukani na kadi tatu za benki na karatasi nne za kawaida za ofisi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, tumia ukingo usio na namba zilizoinuka. Sukuma kadi mbili zilizolala pamoja chini ya uzi wa saba, juu ya freti ya 12. Zipite na kubakiwa na nafasi kidogo. Ongeza ya tatu: inapaswa kuugusa uzi na kuanza kuunyanyua. Hapo kimo kiko karibu na milimita 2, na kwa uzi mnene unaotupa mkono mbali ni kimo kizuri. Upande wa uzi wa kwanza, kadi mbili peke yake ziwe zinagusa. Kadi tatu zikipita zikiwa huru upande wa uzi wa saba, usilikatae gitaa. Hilo ni vazi. Uliza kama viti vya daraja, vile vipande vinavyobeba nyuzi, vina nafasi ya kushuka, na uviangalie kwa macho yako. Kama vimeshagota chini na nyuzi bado ziko juu, shingo imefungwa kwa pembe mbaya. Hapo umegusa mwili.

Karatasi sasa. Bonyeza uzi wa saba kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Mwombe mwenzako akusaidie, mikono haitoshi. Uzi umekuwa rula iliyonyooka. Tazama freti ya saba au ya nane: pawe na mwanya mdogo kati ya freti na uzi. Karatasi moja ya ofisi ina takriban milimita 0.1. Mbili zipite, nne zikwame. Mwanya mkubwa sana au usiokuwepo kabisa hurekebishwa kwa kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na spana yake ya L. Mwombe muuzaji azungushe kidogo mbele yako, au akuruhusu. Chuma kikiwa kimekaza mpaka mwisho na shingo bado imeinama kama upinde, usilitazame tena gitaa hilo hata kama rangi yake ni ya baharini.

Kadi ileile ya benki ina kazi nyingine. Isimamishe kwa ukingo wake mrefu juu ya freti tatu zinazofuatana, katikati ya uzi na uzi. Ikitulia, freti ziko sawa. Ikiyumba kama meza ya mgahawa, freti ya kati imeinuka. Panda nayo shingo nzima. Ukifika juu ambako freti zimekaribiana, tumia ukingo mfupi. Freti moja iliyoinuka fundi ataigonga au kuisugua. Tano au sita zinazoyumba ni dalili kwamba mbao imecheza, na bei lazima icheze pia. Pitisha na kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imekauka na kusinyaa baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo chuma kimebaki nje. Hilo huondolewa kwa tupa.

Halafu kipimo ambacho kwenye nyuzi sita ungekipita mbio, kwenye saba usikipite. Gusa uzi wa saba kwa ulaini juu kabisa ya freti ya 12, upige, uondoe kidole: utasikia hamoniki, sauti kama kengele. Kisha bonyeza freti hiyohiyo na upige. Tyuna ionyeshe noti ileile. Ya kubonyeza ikiwa juu, kiti cha uzi huo darajani kirudishwe nyuma. Sasa angalia kiti chenyewe: bado kina njia ya kurudi? Uzi mnene hudai kurudishwa nyuma kuliko wengine wote, na kwenye magitaa ya bei nafuu utakuta kiti cha saba kimeshagota ukutani na noti bado haijakaa. Gitaa la namna hiyo halitakuwa kwenye tyuni maisha yake yote. Mteja mmoja kati ya wengi niliowasindikiza ndiye pekee aliyewahi kukikagua kiti hicho bila kuambiwa. Alikuwa fundi cherehani.

Ukikaza uzi wa saba na kusikia "tik" kwenye mifereji, mfereji ni mwembamba kuliko uzi. Nguo tu.

Daraja la kuelea lina raha yake, lakini kwa gitaa la kwanza la nyuzi saba chagua daraja lililofungwa imara. Uzi mmoja ukikatika kwenye la kuelea, sita zilizobaki zote hutoka kwenye tyuni papo hapo, na jukwaani hakuna anayekusubiri. Tena uzi wa saba wenyewe haupatikani kila duka. Kabla ya kulipa, waulize wauzaji wa nyuzi mjini kwako kama wana seti ya saba, au angalau uzi mmoja mmoja wa 0.056 kwenda juu. Kama hawana, nunua seti tatu siku hiyo popote utakapoziona. Wanaokaa Tanga, Mombasa au Unguja wanajua chumvi ya hewa inavyokula chuma. Uzi mnene huficha jasho katikati ya mikunjo yake, ukaoza kwa ndani ukiwa bado unang'aa nje. Kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, chini ya uzi na juu.

Rangi, umbo na jina lililoandikwa kichwani sikuvizungumzia. Pikapu nazo hubadilishwa.

Ukishapima yote hayo, kadi na karatasi zimerudi mfukoni, mpe muuzaji asante na uombe robo saa yako. Usipige unachokijua vizuri. Piga unachokosea, ile sehemu inayokukwaza kila mazoezi, polepole, kavu, mara kumi. Angalia kama mkono wa kushoto unatafuta kupumzika au unatafuta kuendelea. Wanafunzi wangu wengi huniambia wameamua kabla ya robo saa kwisha. Nawaambia waendelee kupiga, na wawili kati yao walibadili mawazo katika dakika ya kumi na mbili, mgongo ulipoanza kusema.

Sasa washa amplifaya. Punguza distosheni hadi nusu. Zima uzi wa saba kwa kiganja na upige mapigo manane ya kasi moja, usikilize kama yanahesabika au yameungana kuwa tope. Fungua kiganja, piga kodi ya E ukiwa na B yake chini, utafute kila noti iko wapi. Kisha piga uzi wa saba peke yake, mara moja, uuache. Mwambie muuzaji anyamaze kidogo. Vioo vya kabati vinatetemeka tena. Ngoja mpaka viache vyenyewe.